Miguu Mitupu ya Roccalbena

Watu wote walikuwa wanatazama miguu. Uso haukuonekana, ulifunikwa na kofia ndefu ya kitambaa yenye matundu mawili ya macho, na kanzu nyeupe ilishuka hadi vifundoni. Kwa hiyo watu wa Roccalbena walibaki na miguu tu ya kubashiria. Miguu ya mwaka huu ilikuwa ya mzee: imepauka, mishipa imetuna, visigino vimepasuka. Ilipanda mtaa wa mawe polepole chini ya msalaba mzito, na mwenyewe alikohoa ndani ya kofia.

"Ni nani?" aliuliza Bi Hedwig, mmoja wa wageni.

"Hakuna anayejua, isipokuwa padri wa hapa," Lavinia alijibu kwa sauti yake ya kazi. "Mwenye aibu yake humwendea kwa siri, akaomba abebe msalaba wa Ijumaa Kuu. Na yeyote mwingine mwenye lake huvua viatu akafuata nyuma."

"Hufuata wengi?"

"Mimi sijawahi kuona hata mmoja."

Wageni walicheka, wakainua kamera. Safari nzima Lavinia aliwapitisha kwenye miji ya vilimani, akiwaonyesha picha zilizochorwa kwenye kuta za makanisa, na kila mji alikuwa na la kusema. Huu tu ndio aliotamani wauache haraka. Kampuni iliuweka kwenye ratiba bila kumuuliza, naye akanyamaza. Hakumwambia mtu kwamba alizaliwa hapa.

Alinyamaza kwa sababu ya baba yake. Mzee Ottorino alikuwa mpiga kengele wa kanisa na mtunza funguo zake. Pasaka iliyopita Padri Fausto aliifunua sanamu ya Bikira Maria, iliyofunikwa kitambaa cha zambarau kipindi cha Kwaresima, na mkufu wake wa marijani haukuwapo shingoni. Padri alikikunja kitambaa mwenyewe kama kawaida yake, maana hakuruhusu mtu mwingine akiguse, akakifungia sandukuni hadi mwaka mwingine. Kisha akasimama mbele ya waumini akasema mwizi ni mtu wa funguo. Jina hakulitaja. Hakukuwa na haja.

Ottorino aliapa kwamba hakuuchukua. Lavinia alimpigia simu mara moja tu. "Baba, mimi niambie ukweli." Mzee alikaa kimya, kisha akakata simu. Kimya kile Lavinia alikihesabu kuwa ndilo jibu, na tangu hapo hakukanyaga nyumbani.

"Aa, binti Ottorino!" Sauti ilitoka mlangoni mwa duka la mikate. Alikuwa Iolanda, jirani yao wa tangu zamani, mikono imejaa unga. "Kumbe upo! Umekuja kumwona mzee akibeba mzigo wake?"

"Niko kazini, mama."

"Kazini, eti. Basi tazama vizuri, mwanangu. Kikohozi hicho ni cha sigara, na mtaa huu wavutaji tunawajua. Mwaka mzima umepita, sanamu zimeshafunikwa tena, mkufu uko wapi? Afadhali amejitoa mwenyewe. Masikini Padri Fausto naye kashikwa na homa leo leo, tumeazima padri wa ng'ambo ya bonde. Angeyaona haya angepona."

Wageni hawakuelewa lugha ya pale. "Anasema nini?" Bi Hedwig alinong'ona.

"Anasema mkate wa Pasaka uko tayari," Lavinia alisema, uso ukimwaka moto.

Kwa desturi mbeba msalaba huanguka mara tatu: kisimani, langoni, na mbele ya kanisa. Huyu alianguka mbele ya mlango wa kijani, mahali ambapo hajawahi kuanguka mtu. Watu wakaguna. Mlango ule ulikuwa wa Ottorino.

"Kaanguka kwake!" mmoja alipiga kelele.

"Miguu imechoka, inataka nyumbani," Iolanda alidakia, na watu wakacheka.

Lavinia alitamani ardhi ipasuke immeze. Baba yake, kwa magoti, mbele ya kamera za wageni wake! Alivuta skafu yake juu hadi kidevuni.

"Hii ni nyumba ya nani?" Bi Hedwig aliuliza.

"Sijui."

"Na huyu maskini, wewe unamfahamu?"

"Nimeshasema simjui," Lavinia alijibu, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Simjui kabisa."

Mlango wa kijani ukafunguka.

Mzee Ottorino alitoka, ndara zake za nyumbani miguuni, bakuli la maji mkononi, kama afanyavyo mwenye nyumba yeyote mtu akianguka mlangoni pake. Kicheko kilikatika.

Mwenye kofia hakuyapokea maji. Aliingiza mkono ndani ya kanzu, akatoa mkufu wa marijani, akauweka juu ya miguu ya mzee. Nyuzi za zambarau zilikuwa bado zimenasa kwenye kifungo chake.

Ottorino aliziona nyuzi zile, akaliweka bakuli chini, akamshika yule mtu makwapani.

"Inuka, Padri Fausto," alisema. "Mawe yana baridi."

Alipoinua kichwa, macho yake yalimwangukia Lavinia katikati ya wageni. Akamwinamia kidogo kwa adabu, kama mtu anavyomsalimia mgeni asiyemjua, akarudi ndani na kufunga mlango.

Msalaba ukainuliwa, msafara ukaanza tena kupanda.

"Lavinia, twende?" Bi Hedwig aliita. Alipogeuka, alimkuta ameinama katikati ya njia, anafungua kamba za viatu.