Saini Husomwa Nyumbani

Aliyetia saini ombi lolote la hadharani, jina lake lilisomwa jioni iliyofuata, saa ya chakula, na kipaza sauti cha ukutani katika nyumba ya wazazi wake. Ndiyo iliyokuwa sheria, na watu walikuwa wameizoea.

Mkawasi, mwanafunzi wa mwaka wa pili, aliijua vizuri alipotia saini ombi la kukitaka chuo kiwafungulie wanafunzi mashoga na wasagaji ofisi ya ushauri, na kisiwafukuze tena mabwenini. Saru, aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja, alikuwa ameshafukuzwa.

Jioni iliyofuata mama yake akapiga simu.

"Jina lako limesomwa, mwanangu. Baba yako ameacha ugali mezani akatoka nje."

"Nilijua itakuwa hivyo, mama."

"Umefanya kwa ajili ya Saru?"

"Kwa ajili ya Saru," alisema Mkawasi, kisha akavuta pumzi. "Na kwa ajili yangu pia."

Upande wa mama vyombo vilisikika vikikusanywa polepole.

"Hilo ombi, mzazi anaruhusiwa kutia saini?"

"Anaruhusiwa. Lakini mama, jina lako litasomwa kwa nyanya."

"Nielekeze pa kubonyeza."

Mkawasi akamwelekeza. Walipomaliza, hakuna aliyekata simu. Kila mmoja alikuwa akimfikiria nyanya, mwenye miaka themanini na moja, ambaye kesho angenawa mikono na kuketi kula peke yake, chini ya kipaza sauti.