Jiko Lisilong'oka

Teke lilimvunja Antipasi kidole gumba cha mguu, na jiko halikutikisika hata kidogo. Akalitukana. Akalipiga tena, kwa kisigino safari hii, akaishia kukaa chini katikati ya ua wake ameshika mguu, mkewe Redempta akimtazama huku anakoroga pombe.

Jiko kama lile halikuwapo Sepuka nzima. Lilikuwa na miguu minne ya chuma cha mataruma, yale yanayolazwa chini ya reli, kimekunjwa kingo kama mfereji, kimefungwa kwa boliti na kuchimbiwa ardhini. Juu lilibeba pipa la maji ya moto, chini yake chungu cha kimea. Waingereza walikuwa wanang'oa reli ya Manyoni, na Alute mhunzi, aliyekuwa kibarua huko, alirudi na mataruma ambayo hakuna aliyemuuliza kayapataje.

"Nani kasimika jiko hili?" Antipasi alifoka. Ndiyo kwanza alikuwa anarudi kutoka Mitundu, alikokwenda kuuza ng'ombe na kukaa siku nyingi kuliko alivyoaga.

"Kuna mwingine hapa Sepuka anayekunja chuma cha reli?"

"Nimekuuliza, nani kasimika?"

"Na mimi nimekujibu, Baba Gasto."

Msicheke. Kwa watu wale jiko si jiko tu. Bwana harusi ndiye anayemsimikia mkewe mafiga, kwa mikono yake, na mwanamume mwingine akithubutu kumsimikia jiko mke wa mtu, ni sawasawa na kukutwa kitandani pake. Dawa yake ilijulikana. Mwenye mke huyang'oa mafiga kwa teke mbele ya majirani, mgoni hutoa mbuzi, watu wanakula nyama na aibu imekwisha. Mawe huviringika. Lakini chuma cha Mwingereza kilichochimbiwa ardhini utakiviringisha kwa teke lipi?

Nyuma ya ua jirani mmoja alicheka, tena kwa sauti. Antipasi akainuka, akamzaba mkewe kofi, akamwongeza jingine. Mdomo ukapasuka. Redempta akajifuta damu kwa upindo wa nguo, akachota pombe kwenye kibuyu.

"Ukinipiga mimi, jiko halitang'oka," akasema. "Kunywa kwanza. Aliyelitengeneza yuko kwake, hajakimbia."

Antipasi akanywa, akajaziwa, akanywa tena. Kisha akachukua rungu na kutoka akichechemea, pombe inampanda kichwani pamoja na maneno.

Alute! Laiti angekuwa mtu baki. Huyu alikuwa mwanyumba wake, walioa mtu na mdogo wake. Lea, mdogo wake Redempta, alikuwa mke wa Alute mpaka mwaka jana, alipokutwa amelala juu ya mafiga yake, kichwa kimepasuka. Watu wakanong'ona weee, lakini Antipasi akasimama kwenye baraza la mtemi akaapa kwamba alimwona shemeji yake akijikwaa. Alimwona akiwa wapi, anajua mwenyewe. Wanyumba husitiriana. Bila kiapo kile Alute angekuwa jela hivi sasa, na leo anamlipa kwa kumwingilia jikoni. Kweli shukrani ya punda ni mateke.

Alute alikuwa kwenye mivukuto yake, taruma limeiva jekundu. Akainua uso, akatabasamu.

"Karibu, mwanyumba. Jiko limesimama vizuri?"

Hasira hasara, wanasema, lakini aliyesema hivyo hakuulizwa swali lile na kidole kimevunjika. Rungu likamshukia Alute begani. Mfupa ukalia. Alute akapepesuka, akakamata koleo kwa mkono mzima, akaisukuma ile ncha nyekundu ya chuma kifuani kwa mwenzake. Ngozi ikachomeka, harufu ikajaa kibandani. Antipasi akanguruma, akamrukia, wakabiringishana kwenye majivu wakiumana kama mbwa.

"Vyuma tu!" Alute alikuwa anapiga kelele. "Nimetoa vyuma tu, mwanyumba!"

Nani wa kusikiliza? Mkono wa Antipasi ulipapasa ukapata kipande cha taruma kilichopoa. Akampiga nacho usoni. Akampiga tena pale pale, na tena, hata sauti ilipokwisha hakuacha, mpaka wanaume waliokimbilia mayowe walipomshika na kumfunga kamba. Uso wa Alute haukuwa wa kutazamwa.

Bomani Singida jaji Mwingereza hakutaka kusikia habari za mafiga. Akamhukumu Antipasi kunyongwa.

Redempta alikuja kumuaga, na kibuyu cha togwa mkononi. Askari akamruhusu kukaa mbele ya vyuma vya mlango. Antipasi alikuwa amekonda, kidonda cha kifuani bado kinatoa maji. Kitanzi alikuwa ameshakizoea. Jambo moja tu lilikuwa linamla usiku na mchana, na alilitaka kabla hajafa.

"Sina ugomvi na wewe tena, Mama Gasto. Niambie tu ukweli. Alute alianza lini kuja kwako?"

"Hajaja."

"Usinifiche. Mimi ni mtu wa kufa."

"Hajakanyaga uani kwangu hata siku moja. Vyuma nilivifuata mwenyewe na punda. Boliti nimekaza mimi, na mashimo ya miguu nimechimba mimi."

Antipasi akashika vyuma vya mlango.

"Mbona hukusema?"

Redempta akapenyeza kibuyu katikati ya vyuma, akakiweka taratibu sakafuni kisimwagike.

"Mliomuua Lea mlikuwa wawili, Baba Gasto. Mmoja umenisaidia wewe. Wa pili ananisaidia jaji."