Vishimo Vinne

Moto ulikuwa umeshakolea. Sonara aliinua bangili ya marehemu bibi aiyeyushe, atoe pete mbili za harusi ya mjukuu. Dhahabu ipo, ya nini kununua nyingine?

Kidole gumba kikakwama. Ukingoni palikuwa na vishimo vinne, vidogo kama punje za mtama.

"Nani aliitafuna hii?"

Mama wa bibi harusi akacheka mpaka machozi yakamlengalenga, akamgusa begani binti yake aliyekaa kando. "Si huyu hapa. Alipokuwa anaota meno, alikuwa hanyamazi mpaka bibi yake ampe mkono wenye bangili."

Binti akainamisha uso.

Sonara akazima moto. Akatandaza aproni mapajani, isipotee hata chembe ya dhahabu, akachukua msumeno mwembamba kama uzi.

"Kipande hiki chenye meno yako hakiingii motoni, nitakikunja kiwe pete yako," akasema. "Lete kidole, mwanangu."