Kenge Alivyoipigania Chemchemi Yake

Haya, ya Kenge mliyapata? Wanyama wa bonde zima walikutana kuchagua eneo la kwanza kuhifadhiwa: lingefungwa miaka mitatu lipumue, na mwenyeji wake ahame. Kenge, bingwa wa kuchelewa, aliingia hayo yameshasemwa.

Akamkuta Kiboko akilisifia jabali la Pimbi. Pimbi naye akajibu, "Hapana, mzee wangu, bwawa lako ndilo lulu!"

Kenge akaona wivu. Chemchemi yake hakuna aliyeitaja!

"Jamani, maji yote ya bonde yanaanzia mlangoni kwangu! Mkiniruka mimi, mmehifadhi nini?"

Wote wakampigia makofi, hadi shingo ikamvimba.

"Umeshinda, ndugu yangu," Kiboko akasema. "Basi kafungashe."

"Nifungashe nini?"

"Virago, bwana. Miaka mitatu si mingi."