Ganda la Mkomwe

Alikuwepo Nguchiro, fundi wa bao, aliyejigamba kwenye kila baraza kwamba bao ni hesabu tupu, bahati haina nafasi. Chui akamsikia.

"Basi tucheze, fundi. Ukifungwa, nakula wewe."

Wakaketi chini ya mkomwe, mmea uzaao komwe, kete za bao. Nguchiro alihesabu. Kila njia ilimpeleka kinywani mwa Chui. Chui alipogeuka kulamba bega, ganda likapasuka juu yao, komwe moja ikadondokea shimo la Nguchiro. Akasambaza kete, akala zote za Chui.

Chui akainamisha kichwa. "Kweli bahati haina nafasi, mwalimu. Kesho tena, kwa sharti lile lile."

Nguchiro akainua macho taratibu. Lile lilikuwa ganda la mwisho.