Kijiji Kitulivu Kuliko Vyote

Ninatangaza kwa heshima na taadhima kwamba kijiji chetu kimetambuliwa kuwa kitulivu kuliko vyote nchini. Zawadi yetu tumeshaipata: ndege tatu zaidi kila siku, za aina ile inayoipita sauti mbio na kutikisa vikombe kabatini.

Sheria ni nyepesi. Kila kijiji kina kiwango chake cha kelele kwa siku. Ndege huchukua fungu lao kwanza, sisi binadamu tunagawana makombo. Kipima kelele cha kijiji kimetundikwa sebuleni mwetu, na ndiyo maana mama alikuwa akimwingiza mdogo wangu Mghoi, wa miezi mitano, ndani ya kabati la nguo ili alilie humo.

Leo adhuhuri ulipopita mshindo wa tano, Mghoi aliamka tena. Mama alimpakata, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mwakio," akaniita baadaye, "hawa watu wa kupima kelele wanasema tangu mfunge shule, hapa hakujasikika hata kikohozi. Na huyu analia kutwa. Wewe unaelewa?"

"Labda kipimo kimeharibika, mama."

Akakishusha ukutani, akachokoa kitundu chake kwa ukucha, akanusa.

"Huu ni ugali."

Nikatazama sakafu.

"Nilikiziba mimi, mama. Ndivyo tunavyoziba kengele ya bweni. Nilitaka Mghoi atoke kabatini. Sikujua kwamba wakisikia kimya watatuongezea ndege."