Sheria ya Mama Maumivu

Sephora alirusha dadu, akaifunika na kiganja kabla haijatulia.

"Tatu," alisema. "Kiden, imekuangukia wewe."

"Si utoe mkono tuone," Shakirah alisema.

"Mwenye mchezo ni nani hapa? Mimi ama wewe?"

Kwenye ule mkeka nyuma ya jiko, pale Koboko, neno la Sephora ndilo lilikuwa la mwisho. Mchezo aliuleta yeye, kutoka kwa binamu zake wa Ariwara: boksi lililopasuliwa likachorwa njia na mito, vifuniko vya soda ndio watu, na majini anayatunga mwenyewe. Asubuhi hiyo alikuja mbio kutoka nyumba ya mbele, jasho linamtoka, na jini mpya hata hakumchora.

"Anaitwa Mama Maumivu," alisema. "Hana panga, hana meno. Mahali mutu anaumwa, yeye iko ndani, amekaa kama kuku juu ya mayai. Anangoja huruma tu. Kiden, sikia vizuri. Kutoka sasa mpaka jua la kesho lizame, ukimwambia mutu pole, ukimlilia, ukimshika bega tu, Mama Maumivu anamwacha huyo mutu, anaenda kukaa kwa mama yako milele."

Mama yake Kiden alibaki Yei, Sudani Kusini, na kidonda cha mguu, kidonda cha mwaka mzima, sasa kinanuka. Kiden alivuka mpaka na shangazi yake. Katika wapangaji wote wa kile kiwanja, Sephora peke yake ndiye alimwambia, njoo ukae mkekani.

"Na nikishinda?"

"Ukishinda, anatoka kwa mama yako kabisa. Mguu unapona." Sephora hakumwangalia. "Ila usimwambie mkubwa yeyote. Ukisema, umeshindwa."

"Wewe iko na roho mbaya!" Shakirah alicheka. "Mtoto wa watu umemfunga mdomo!"

Kabla ya kuondoka na gari ya Arua asubuhi ile, Shakirah alijikwaa makusudi, akalia kama mbuzi. "Kiden, mguu wangu! Ninakufa, hata pole hakuna?" Kiden akauma ulimi. Shangazi aliungua na mafuta ya moto. Kiden akaangalia ukuta. Ilikuwa ngumu kuliko kupandisha maji kilimani. Mtu amelelewa na pole. Hata kikombe kikianguka, inatoka yenyewe.

Saa saba mchana kilio kilipasuka nyumba ya mbele. Mindra, mtoto wa miaka miwili wa mama mwenye kiwanja, alikutwa chini ya kitanda, povu mdomoni, chupa ya soda kando yake. Ndani ya chupa kulikuwa na dawa ya kupulizia nyanya.

Pale Koboko matanga hayaingiwi kimya. Mtu anaanza kulia barabarani, anakuja na kilio chake kama mzigo wa kuni, anakitua mbele ya mama wa marehemu. Wanawake wa sokoni waliingia hivyo. Sephora alilia mpaka watu wawili wakamshika asijipige chini.

Kiden alimpenda Mindra. Kila jioni mtoto alilala mgongoni kwake. Kilio kilimpanda mpaka kooni, akauona mguu wa mama yake, akakimeza. Kikapanda tena, akakimeza tena. Akampa Mama Mindra mkono, macho makavu, akaenda kukaa pembeni.

Bibi mmoja akaacha kulia.

"Huyu mtoto wa nani?"

"Wa Sudani. Yule wa chumba cha nyuma."

"Chozi lake liko wapi? Mama Mindra, asubuhi ulimwachia nani mtoto?"

"Nilikuwa ninakimbilia soko. Nilipiga kelele tu, wasichana, mumwangalie." Mama Mindra akageuza shingo polepole. "Wewe Kiden. Hata neno moja kwangu huna?"

Kiden akaangalia ukuta.

"Aliyekipika kifo hawezi kukililia," bibi alisema.

Kilio kikakatika kiwanja kizima. Wanaume waliokuwa langoni wakasogea, wawili wana fimbo. Mkono mmoja ukamshika Kiden shingoni, ukamnyanyua kama kuku wa kuchinja. Shangazi akajitupa katikati, akasukumwa.

Fimbo ya kwanza ilitua mgongoni. Ya pili ilitua kichwani, na hapo Kiden akamwacha mama yake.

"Ni mchezo!" alipiga kelele. "Nilikatazwa kulia, ni sheria ya mchezo! Sephora! Sephora, dada yangu, waambie mchezo wetu!"

Watu wote wakamgeukia Sephora. Aliinua uso, machozi yanashuka mpaka shingoni.

"Mchezo gani?" aliuliza.